Fomu ya kununua bastola hapa Texas: jina langu litaishia wapi?

Kijogoo_Houston:
Wakuu, habari za saa hizi. Niko Houston mwaka wa nne, nina grinkadi, natoka kazini saa nane usiku. Mwezi uliopita wamevunja nyumba ya pili kutoka kwetu, nikaona sasa ninunue bastola. Dukani nikapewa Fomu 4473: jina, anwani, rangi, uraia, mpaka namba ya uhamiaji. Nikaingia ubaridi. Nikamwambia muuzaji nimesahau miwani, nikaondoka.

Mke wangu anasema serikali ina daftari, siku nikiomba uraia watalifungua. Shemeji naye anasema kuna jamaa anauza yake mkononi, hakuna cha karatasi. Mliotangulia, hii fomu inakwenda wapi?

MzeeWaDallas:
Haiendi popote mkuu, inabaki kwenye kabati la muuzaji. Yeye anawauliza FBI kama unaruhusiwa kununua, kupitia NICS, mfumo wa kukagua rekodi za mnunuzi ulioanza 1998. Ukipita, wanatakiwa wafute taarifa zako ndani ya saa 24. Na kuna sheria ya 1986 inayoikataza serikali kuu kutengeneza daftari la wenye silaha. Sisi tuliokulia Bongo lazima tushangae, maana kule bila polisi kukuandika humiliki hata gobore.

SwaliGumu:
Inabaki kabatini mpaka duka lifungwe, malizia basi. Likifungwa, maboksi yote yanapelekwa kituo cha ATF, idara ya serikali kuu inayosimamia silaha, kule Martinsburg, West Virginia, yanapigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Zamani fomu ikifikisha miaka 20 muuzaji aliruhusiwa kuitupa. Tangu 2022 anaitunza hadi siku anafunga biashara. Mmarekani mwenye bunduki akisikia hivyo anaona daftari linajengwa kimyakimya, na mimi simcheki. Juni 2022 tovuti ya idara ya sheria ya California ilimwaga majina na anwani za watu walioomba vibali vya kubeba silaha, watu wapatao 192,000. Hakuna aliyeiba, ilikuwa wazi tu.

Fundi_Chuma:
Nimefanya kazi duka la silaha miaka miwili, niwape inavyokuwa. Polisi wanaokota bastola kwenye tukio, wana namba iliyochongwa kwenye chuma tu. Martinsburg wanamuuliza mtengenezaji, yeye anataja muuzaji wa jumla, wa jumla anatutaja sisi, na mimi naingia stoo kupekua makaratasi. Zile picha zao hazitafutwi kwa jina la mtu. Ukiwatajia Kijogoo hawampati.

Kinachoripotiwa moja kwa moja ni mtu akichukua bastola mbili ndani ya siku tano za kazi. Hapo muuzaji anawaandikia ATF.

Kijogoo_Houston:
Mbili? Mbona umenishtua. Shemeji aliomba nimchukulie na yake, atanirudishia hela. Yuko kwa viza ya mwanafunzi.

DadaZainabu:
Kaka, ungeanza na hilo! Fomu inauliza kabisa kama mnunuzi halisi ni wewe. Ukijibu ndiyo huku hela ni ya shemeji, umedanganya serikali kuu kwa saini yako. Halafu mwenye viza kama yake kwa kawaida haruhusiwi silaha kabisa, labda awe na leseni ya uwindaji. Sisi wenye grinkadi tunaruhusiwa, ila kosa la silaha linaweza kukupandisha ndege hata ukiwa na watoto raia.

Na pale kwenye uraia andika Tanzania. Usijipe uraia wa Marekani eti umebakiza mwaka. Uongo huo ndio utakaofunguliwa siku ya usaili wako, mwambie wifi.

MzeeWaDallas:
Ya mkononi Texas ni halali kati ya wakazi wenye sifa, lakini hujui imepita wapi. Ikiwa ya wizi utamwambia nini polisi, niliuziwa na jamaa?

Mtu_wa_Denver:
Huku bangi ni ruksa kwa sheria ya jimbo, ila fomu ni ya serikali kuu, na swali la bangi limo. Mwenye masikio…

Kijogoo_Houston:
Sivuti hata sigara. Shemeji nimemwambia hapana, kanuna, jana kabeba sahani ya ugali kaenda kulia chumbani. Jumamosi narudi dukani na miwani yangu. Moja tu.

SwaliGumu:
Nunua na kasha la kufungia, una watoto.