Gumzo la familia: bunge la watu 16

Kapend: Jambo yenu wote. Yaya Ilunga, profesa anataka tueleze bunge la nchi moja ndogo. Nilichagua Tuvalu, kule Pasifiki. Madepite 16 tu!

Tantine Béa: 16?? Siye Kinshasa tuko na 500, na wangu sijamuona tangu kampeni.

Yaya Ilunga: Umechagua vizuri, mdogo wangu. Visiwa ni 9, majimbo ya uchaguzi ni 8, kila jimbo madepite wawili. Niulakita ni kadogo sana, kanapiga kura pamoja na Niutao. Tantine, Nukulaelae iko na watu mia tatu hivi, na inatuma wawili. Depite wa pale atajificha wapi?

Papa Mukalay: Wa chama gani?

Kapend: Hakuna vyama, Papa. Kila mtu anasimama kwa jina lake.

Papa Mukalay: Sasa waziri mkuu anatoka wapi?

Kapend: Wanamchagua wao kwa wao, kura ya siri. Mwaka 2024 uchaguzi ulikuwa Januari, na waziri mkuu Kausea Natano akapoteza kiti chake. Wale wa visiwa vya mbali walikawia kufika Funafuti, mji mkuu, bahari ilikuwa mbaya, meli haziendi. Mwisho wa Februari njo wakamweka Feleti Teo, bila mpinzani.

Mama Josée: Ni kama madepite wetu wa jimbo wanavyochagua gavana.

Yaya Ilunga: Inakaribia, Mama. Ila kule mtu mmoja akihama upande, serikali inaweza kuanguka. Kapend, usiache ya 2013. Wakati ule viti vilikuwa 15. Waziri mmoja alikufa, kiti chake cha Nukufetau kikachukuliwa na upinzani. Waziri mkuu Willy Telavi akabaki na 7, wapinzani 8.

Tantine Béa: Akajiuzulu?

Yaya Ilunga: Hapana. Alikataa kuita bunge. Alisema katiba inamlazimisha kuliita mara moja tu kwa mwaka.

Tantine Béa: Eeh! Kukimbia kura ya watu 15!

Kapend: Nani alimtoa?

Yaya Ilunga: Gavana mkuu wa wakati ule, Iakoba Italeli, aliyemwakilisha malkia wa Uingereza. Aliita bunge mwenyewe, na tarehe 1 Agosti akamfukuza Telavi. Siku chache baadaye wakachagua Enele Sopoaga. Kwangu hapo njo kiini cha kazi yako. Wingi haumaanishi kitu kama bunge halikutani. Anayeshika ufunguo wa kikao anashika serikali.

Papa Mukalay: Miye nabaki na swali la vyama. Bila chama mtu anamfuata rafiki leo, kesho anamwacha. Mwananchi anapigia kura nini?

Yaya Ilunga: Anapigia mtu wa kisiwa chake, Papa. Ni kweli, siku ya kura hajui waziri mkuu atakuwa nani. Miye pia hiyo inanisumbua.

Kapend: Naweka maneno ya Papa kwenye sehemu ya pili. Aksanti sana.

Mama Josée: Unasoma lini mbele ya wenzako?

Kapend: Alhamisi, Mama.

Papa Mukalay: Jumatano jioni unisomee miye kwanza.