Paka anakunywa maji kupita kiasi na sasa anakanyaga kwa visigino: ni miguu au ni ugonjwa wa ndani?

Mama Sultani, Tanga

Habari zenu wenzangu. Kwa wiki nzima nimekuwa nikiahirisha kuandika, nikitumaini kwamba hali itajirekebisha yenyewe, lakini jana sikupata usingizi, na leo nimeona ni heri niulize nionekane sijui kuliko kunyamaza nikaja kujuta.

Nina paka dume wa miaka 11, jina lake Sultani, aliyehasiwa tangu akiwa mdogo, na muda wote huo ameishi nasi bila kuugua ugonjwa wa maana zaidi ya kuwashwa ngozi. Alikuwa mnene kiasi kwamba wageni walikuwa wakiuliza atazaa lini. Tangu Ramadhani imalizike ameanza kukonda, na mwanzoni nilifurahi nikadhani amepungua tu uvivu, ila sasa nikimpitishia mkono mgongoni nahesabu pingili za uti wa mgongo kama shanga za tasbihi. Ajabu ni kwamba hajakataa chakula hata siku moja. Anakula wali wake na samaki, analamba sahani, kisha anamfuata mama mkwe wangu jikoni kudai tena.

Maji ndiyo yananishangaza zaidi. Zamani nilikuwa nikiyamwaga mwenyewe kwa sababu yameingia vumbi; siku hizi nakuta bakuli limekauka, na mara mbili nimemfumania ameinamia ndoo ya bafuni. Karai lake la mchanga, ambalo nilikuwa nikilibadilisha mara moja kwa siku, linaloa asubuhi na jioni, na juu ya hayo limeingiliwa na sisimizi ambao hawakuwapo kabla. Nimewanyunyizia majivu, wakaondoka kutwa moja na kurudi.

Kilichonitisha, hata hivyo, ni miguu. Siku kama kumi zilizopita alitaka kuruka dirishani mahali anapoota jua, akashindwa, akabaki akilitazama dirisha. Tangu hapo naona miguu yake ya nyuma yote miwili inashuka hadi kisigino kinagusa sakafu, akawa anatembea kama sungura aliyechoka. Nikimbonyeza halii wala hang'ati. Nilikwenda kwenye duka la dawa za mifugo nikauziwa dawa ya minyoo na unga wa vitamini, nikaambiwa kuwa huenda aliruka vibaya kutoka ukutani. Nimempa kwa siku tano na sijaona tofauti. Mama mkwe anashauri nimpe nusu ya kidonge cha parasetamoli ili apate nafuu ya maumivu. Je, nimpe? Na haya ya maji na haya ya miguu ni mambo mawili au ni jambo moja?

Mfugaji wa Makorora

Pole sana dada. Wangu aliwahi kuanguka kutoka kwenye mwembe, lakini alichechemea mguu mmoja tu, na nilipomshika alinichana mkono mpaka damu ikatoka. Miguu miwili kwa wakati mmoja, pasipo maumivu, haifanani kabisa na kuanguka. Nawaachia wanaojua zaidi.

Muuguzi Mstaafu

Nimesoma hadi kwenye parasetamoli nikaacha kusoma ili nijibu kwanza. Tafadhali usimpe, si nusu, si robo. Ini la paka halina uwezo wa kuivunja dawa hiyo kama ini la binadamu linavyofanya, hivyo inageuka sumu inayoharibu chembe nyekundu za damu zisiweze kubeba oksijeni. Ufizi hubadilika rangi kuelekea kahawia, uso na nyayo huvimba, na paka anaweza kufa kutokana na kidonge kimoja tu. Dawa nyingine za maumivu tunazoweka kabatini, kama vile ibuprofeni na diklofenaki, nazo ni hatari kwake. Mwambie mama mkwe kwa heshima zote kwamba nia yake ni njema, ila dawa hiyo ni ya watu.

Daktari wa Mifugo, Morogoro

Mama Sultani, pole, na hongera kwa kuandika kila kitu hata yale uliyodhani ni madogo. Nakubaliana na muuguzi kuhusu parasetamoli.

Kuna hofu moja tunayoweza kuiondoa leo hii bila gharama. Paka mwenye ugonjwa wa moyo anaweza kupata donge la damu linaloziba mshipa mkuu pale unapogawanyika kwenda miguu ya nyuma, na hapo hupooza. Hilo huja ghafla, ndani ya dakika chache, paka hulia kwa uchungu mkubwa, nyayo zake za nyuma huwa baridi, na vile vinofu vya chini ya vidole hupauka au huwa na rangi ya samawati. Shika nyayo za nyuma kwa mkono mmoja na za mbele kwa mkono mwingine. Zikiwa na joto lile lile, na kwa kuwa haya yamekuja taratibu, basi silo hilo.

Sasa nije kwenye swali lako. Nadhani ni jambo moja, na kilichonishtua katika maelezo yako si miguu bali ni sisimizi. Ungetaja kiu na kukonda peke yake, ningekuwa na washukiwa watatu: figo, tezi ya shingoni inayofanya kazi kupita kiasi, na kisukari. Figo zikichoka paka hunywa na kukojoa sana, ila kwa kawaida hamu ya kula hupungua. Tezi humfanya ale sana huku akikonda, lakini mara nyingi huwa hatulii na hulia usiku. Kisukari nacho humfanya ale, akonde, anywe na akojoe, na kwa baadhi yao sukari iliyokaa juu kwa muda mrefu huathiri mishipa ya fahamu ya miguu ya nyuma, wakaacha kutembea kwa vidole kama ilivyo desturi ya paka, wakashusha kisigino chini. Mkao huo hauonekani kwa paka wengi wenye kisukari, lakini unapoonekana kwa paka mwenye kiu, mzee, dume, aliyehasiwa na aliyewahi kuwa mnene, mimi huanza kwa kupima sukari. Na sisimizi hawafuati mkojo wa kawaida kwa bidii ya namna hiyo. Wazee wetu waliwatambua wagonjwa wa kisukari kwa njia hii hii kabla ya maabara.

Jinsi inavyotokea ni kwamba figo huirudisha sukari kwenye damu mpaka kiwango kipite takriban milimoli 14 hadi 16 kwa lita. Ikizidi hapo humwagika kwenye mkojo, na inapotoka huyavuta maji pamoja nayo. Kwa hiyo Sultani hakojoi sana kwa sababu anakunywa sana, bali anakunywa kwa sababu maji yanamtoka. Usimpunguzie maji hata kidogo, maana nimekutana na watu waliofanya hivyo ili kupunguza usumbufu wa karai.

Nakuomba ufanye mambo machache kabla ya kumpeleka. Mwekee maji yaliyopimwa, ufunike ndoo zote, na baada ya saa 24 uone yamebaki kiasi gani. Paka anayepitisha mililita 100 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku anakunywa kupita kawaida. Mpime uzito. Toa mchanga kwenye karai, lioshe, weka kokoto safi chache, na akikojoa vuta mkojo kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kisha uchovye kijiti cha kupimia mkojo kile kinachouzwa katika maduka ya dawa za binadamu, chenye alama ya sukari na alama ya ketoni, yaani mabaki ya mafuta ambayo mwili huyachoma unaposhindwa kutumia sukari. Ketoni zikionekana, au akianza kutapika, kukataa chakula au kulegea, usisubiri kesho: hiyo ni hali ya kuua. Mwisho, niambie alitibiwa nini alipokuwa akiwashwa.

Mama Sultani, Tanga

Nyayo zina joto, zote nne, nimeshukuru Mungu hapo kwanza.

Nimemweka ndani ya kikapu nikampeleka kwa jirani yangu muuza samaki, akamtundika kwenye mizani. Ukitoa kikapu anabaki na kilo 4 na gramu 400, wakati kadi yake ya chanjo ya mwaka jana inasema kilo 5 na gramu 900. Sultani hakufurahishwa, ingawa harufu ya pale ilimliwaza. Maji amekunywa mililita 620 tangu jana adhuhuri hadi leo adhuhuri. Kijiti cha mkojo kimegeuka rangi ya mwisho kabisa upande wa sukari, na upande wa ketoni hakikubadilika. Nimekirudia mara mbili kwa kuwa sikuamini macho yangu.

Kuhusu kuwashwa, mwaka jana alichomwa sindano tatu kwa vipindi, na kila baada ya sindano aliacha kujikuna kwa wiki kadhaa. Jina la dawa sikuambiwa wala sikuuliza.

Daktari wa Mifugo, Morogoro

Sindano inayozuia kuwashwa kwa wiki kadhaa mara nyingi huwa ni steroidi ya muda mrefu, na dawa za jamii hiyo huzuia insulini, ile homoni inayoshusha sukari ya damu, isifanye kazi yake vizuri. Kwa paka aliyekuwa mnene tayari, zinaweza kuwa ndizo zilizomsukuma. Sisemi aliyemchoma alikosea, kwa sababu dawa hiyo ina mahali pake, ila daktari atakayemwona sasa lazima ajue, na kuanzia leo uliza jina la kila sindano.

Mpeleke kesho kwa daktari mwenye uwezo wa kupima damu. Akikuta sukari ipo juu, asiishie hapo, maana paka aliyeogopa hupandisha sukari kwa hofu ya safari na ya kushikwa tu. Ndiyo maana matokeo yako ya mkojo uliochukuliwa nyumbani, paka akiwa ametulia, yana thamani kubwa, hivyo nenda nayo yameandikwa. Aombe pia kipimo cha figo na potasiamu, kwa sababu potasiamu ikishuka nayo hulegeza misuli. Ikiwa Tanga hamtapata vipimo vyote, hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine iko huku kwetu Morogoro.

Bibi wa Nyali

Mwanangu, usivunjike moyo ukisikia neno kisukari. Mimi hapa Mombasa nilimchoma paka wangu insulini kwa miezi saba, na wa kwanza kutetemeka alikuwa mimi, si yeye. Sindano za insulini ni nyembamba mno. Unanyanyua ngozi ya ubavuni ikawa kama hema, unachoma humo huku anakula, na mara nyingi hata hageuki kutazama.

Yaliyonifunza ni haya. Insulini za watu zina yuniti 100 katika mililita moja, na nyingine za wanyama zina yuniti 40, kwa hiyo bomba la aina moja halitumiki kwa dawa ya aina nyingine. Ukichanganya, kipimo kinakuwa kingine kabisa. Chupa ikae katika friji, mbali na sehemu inayogandisha, na umeme ukikatika usifungue fungue mlango. Akikataa kula usimchome kipimo kamili kwa mazoea, mpigie daktari kwanza. Na ukimwona anayumba, anatetemeka au anatazama bila kuona, sukari imeshuka mno: mpake asali kwenye ufizi papo hapo, kisha ndipo utafute usafiri. Mimi nilikuwa na kichupa kidogo cha asali kwenye kila chumba, mpaka watoto wakakigundua.

Jambo la wali nalo liangalie. Paka ni mla nyama kwa maumbile, na wali au ugali humwongezea sukari asiyoihitaji. Lakini usiuondoe ghafla akishaanza insulini bila kumwambia daktari, kwa kuwa mahitaji yake ya dawa yatapungua, na kipimo kile kile kitakuwa kikubwa kwake.

Muuguzi Mstaafu

Niongeze dogo tu: mashine ya watu ya kupimia sukari inaweza kutumika kwa tone la damu kutoka ukingo wa sikio, ila kwa paka mara nyingi husoma chini kidogo ya ukweli. Tumia mashine ile ile siku zote, uandike kwenye daftari, na usibadilishe kipimo cha dawa kwa namba moja tu.

Mama Sultani, Tanga

Ni wiki ya saba sasa, na niliahidi kuleta majibu. Damu ilithibitisha kisukari. Figo zake ziko salama na potasiamu ilikuwa ya kawaida. Daktari alimwanzishia yuniti moja ya insulini kila baada ya saa 12, akaongeza kidogo wiki ya tatu. Wali tuliupunguza kwa kufuata maelekezo yake, na sasa anakula samaki na kuku, jambo lililomfanya mama mkwe aseme kwamba paka anakula vizuri kuliko wenye nyumba. Yeye ndiye anayeshika daftari, na saa kumi na mbili ikifika asubuhi na jioni huniita kabla sijakumbuka.

Maji yameshuka hadi mililita 260 kwa siku. Sisimizi wamehama, sijui wameelekea wapi. Miguu bado haijarudi sawasawa, na daktari ameniambia kwamba mishipa ya fahamu hupona polepole, kwa miezi, na si kila paka hurudia hali yake ya awali. Amesema pia kwamba baadhi ya paka hufikia hatua ya kuachishwa insulini, lakini nisilifanye hilo kuwa ahadi. Kisigino cha kulia kimeanza kunyanyuka. Nimeweka kigoda chini ya dirisha, na juzi asubuhi alipanda kigoda kwanza, akapumzika, kisha akapanda dirishani.