Nina haki ya kupiga kura Uingereza, lakini jimbo langu lina mwenyewe tayari. Nipige ya nini?

BintiPwani ameandika:

Wakuu, salaam. Swali langu ni kwa mnaoishi Uingereza, hasa mliokaa miaka mingi.

Mimi ni Mkenya, nilifika hapa 2022 kwa viza ya kazi, nahudumia wazee majumbani. Hivi karibuni tu ndipo nilipojua kwamba raia wa nchi za Jumuiya ya Madola anayeishi hapa kihalali anaruhusiwa kupiga kura, hata ile ya wabunge. Miaka yote hii nilidhani ni mambo ya wenyewe.

Sasa kilichonifanya niulize. Kuna bibi ninayekwenda kwake asubuhi nne kwa wiki. Marehemu mumewe alikuwa mchimba makaa ya mawe. Alipiga kura mara ya kwanza mwaka 1959, na kwa maelezo yake hakuwahi kukosa uchaguzi mkuu hata mmoja, na kila mara alikipa chama kilekile. Mwaka 2024 bahasha ya kura ya posta ilipofika, niliipokea mimi mlangoni. Akaiweka dirishani chini ya kopo la sukari. Kila nikienda namkumbusha: bibi, hii bahasha. Ananijibu, iache hapo. Alhamisi tarehe 4 Julai ikapita. Ijumaa nilipoingia akaniambia niitupe. Haikuwa imefunguliwa.

Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Wanajua tutawapa tu. Ndiyo maana hawaji."

Maneno yale yamenikaa. Jimbo letu chama hicho hakijawahi kushindwa tangu huyu bibi hajazaliwa. Safari hii pia kikashinda bila yeye. Sasa mimi mgeni nikajiandikishe ili iweje? Na naomba mnifafanulie jambo moja: chama kinapataje viti 411 kati ya 650 ilhali waliokipigia kura ni asilimia 33.7? Nimeisoma mara tatu nikidhani kuna kosa la uchapaji.

Mwanamidlands:

Dada yangu, usijisumbue. Nipo hapa tangu 2003, nimepiga kura mara tano, na sijaona tofauti. Tangu Julai 2016 hadi Julai 2024 wameingia mawaziri wakuu wapya watano, na wanne kati yao waliingia kwa kuchaguliwa na chama chao, hawakupitia kwanza uchaguzi mkuu. Liz Truss alipewa nchi kwa kura 81,326 za wanachama wa Conservative. Akakaa siku 49. Aliyemfuata, Rishi Sunak, hata hao wanachama hawakuulizwa, kwa sababu alibaki mgombea peke yake.

Mimi na familia yangu tuliuonja msukosuko wa uchumi wa siku zile za Truss kwenye marejesho ya mkopo wa nyumba. Nani aliniuliza? Bibi yako ana akili kuliko sisi sote.

KaraniWaUsiku:

BintiPwani, nitakujibu kwa urefu maana swali lako nimelishika kwa mikono yangu, si kwa kusoma.

Julai 2024 nilifanya kazi ya kuhesabu kura katika ukumbi wa michezo. Halmashauri huwa inatafuta watu wa usiku mmoja, unalipwa, unakatazwa simu mezani. Vituo vilifungwa saa nne usiku na masanduku yakaanza kuingia. Kwanza mnahesabu karatasi tu, bila kujali nani kapigiwa, mpaka idadi ilingane na hesabu ya kituo. Ndipo mnaanza kuzitenga kwa wagombea. Unavaa kile kikofia cha mpira kwenye kidole ili karatasi zisigandane. Mawakala wa vyama wamesimama mbele yako, macho kwenye vidole vyako.

Karatasi zenye utata zinakwenda kwa msimamizi wa uchaguzi. Nakumbuka moja: mtu alikuja na kalamu yake ya wino, akaacha penseli ya kituoni, akaandika "hakuna" mbele ya kila jina, kwa mwandiko mzuri kabisa, kama anaandika barua. Mtu huyo alitoka nyumbani, akaonyesha kitambulisho, akaingia kwenye kibanda ili aandike vile. Ukisikia watu wanasema Waingereza hawajali, mimi namkumbuka huyo.

Kufika alfajiri, mshindi wa jimbo lile akatangazwa. Alikuwa na chini ya theluthi ya kura. Tukaambiwa turudishe mafungu yote masandukuni yafungwe. Nikabeba mafungu ya walioshindwa, mafungu kwa mafungu, nikaona ndiyo mengi kuliko ya mshindi. Hizo kura zote, dada, kazi yake iliishia pale mezani. Hazikwenda popote. Hazikuhamishiwa chaguo la pili, hazikujumlishwa kitaifa, hazikuleta hata nusu kiti.

Hapo ndipo penye jibu la hesabu yako. Uchaguzi wa Uingereza si mmoja, ni 650 tofauti, na katika kila mmoja anayeongoza anachukua kiti, hata akiongoza kwa kura moja. Hendon, London, mwaka 2024 kiti kiliamuliwa kwa kura 15. South West Norfolk, Truss aliangushwa kwa kura 630, na aliyemwangusha alikuwa na asilimia 26.7 tu. Watu 73 kati ya 100 walimtaka mwingine. Sasa kusanya majimbo kama hayo mamia: Labour, ndicho hicho chama cha viti 411, walipata kura milioni 9.7, ukigawanya kwa viti vyao ni kama kura 23,600 kwa kiti. Chama cha Reform UK walipata kura milioni 4.1 na viti vitano. Kiti kimoja kwa kura zaidi ya laki nane! Uwe unakipenda chama hicho au hukipendi, hiyo si hesabu ya haki.

Na si jambo la jana. Mwaka 1951 Labour walipata kura nyingi kuliko Conservative nchi nzima, na Conservative ndio wakaunda serikali. Februari 1974 ikawa kinyume chake. Mwaka 1983 muungano wa vyama vya Liberal na SDP ulipata asilimia 25 ya kura na viti 23, Labour wakapata asilimia 28 na viti 209. Zamani hizo watu walivumilia kwa kuwa karibu kila mtu alikuwa na chama chake kama alivyo na ukoo. Mwaka 1951 vyama viwili vikubwa vilizoa karibu asilimia 97 ya kura zote. Mwaka 2024 vilipata 57. Watu wamehama, lakini mlango wa kuingilia bungeni bado ni uleule uliochongwa kwa vyama viwili.

Sasa maneno ya bibi yako. Amesema kweli kuliko wachambuzi wote wa televisheni. Chama kikiwa na uhakika na jimbo, fedha na watu wa kugonga milango wanapelekwa kwingine, kwenye majimbo ya kugombaniwa. Uaminifu wake wa miaka 65 ndio uliomfanya asitembelewe. Hilo linaniuma sana, maana wazee wa namna hiyo ndio waliojenga vyama hivi kwa michango ya shilingi na peni kutoka kwenye mishahara ya mgodini.

Na hata mbunge akiwa mtu mwema, bungeni kuna mnadhimu wa chama, anayehakikisha wabunge wanapiga kura kama chama kinavyotaka. Julai 2024, serikali haijamaliza hata mwezi, wabunge saba wa Labour walisimamishwa na chama kwa kuunga mkono hoja ya kufuta kanuni ya posho ya serikali inayoishia watoto wawili kwa kila familia. Novemba 2025 serikali hiyohiyo ikatangaza kwamba kanuni ile itaondolewa. Waliadhibiwa kwa kutangulia kusema. Conservative nao Septemba 2019 waliwatoa wabunge wao 21 kwa siku moja kwa sababu ya Brexit, akiwemo mjukuu wa Winston Churchill. Kwa hiyo kura yako inachujwa mara mbili: mara ya kwanza kwenye jimbo, mara ya pili kwenye utii wa chama. Mtu akichoka simlaumu.

Ila Mwanamidlands, kwa heshima, kaka, bahasha isiyofunguliwa hata sisi wahesabuji hatukuiona. Ile karatasi ya "hakuna" ilipita mikononi mwa watu wasiopungua wanne, wakainama kuisoma.

AbuuYusuf:

Karani, nimekuelewa, lakini hebu tuseme ukweli kama wahamiaji. Ukigawa viti kwa uwiano, yaani kila chama kipate viti kulingana na asilimia ya kura zake, Reform kwa asilimia 14.3 wangekuwa na wabunge kama 93 badala ya 5. Hawa ndio Septemba 2025 walitangaza kwamba wakishika nchi watafuta ukaazi wa kudumu. Mke wangu amebakiza miezi minane aombe huo ukaazi. Unataka niutetee mfumo utakaowafungulia mlango? Mfumo wa sasa una makosa yake, lakini umetukinga.

Na Waingereza wenyewe waliulizwa mwaka 2011, wakakataa mabadiliko kwa asilimia karibu 68. Tusiwe wenyeji kuliko wenyeji.

KaraniWaUsiku:

Abuu, hofu yako ni yangu. Nyumbani kwangu pia kuna faili la uhamiaji kabatini.

Lakini tazama vizuri hicho unachokiita kinga. Mfumo huu unamfungia nje mwenye asilimia 14. Huyohuyo akifika 30 na wengine wamegawanyika vipande vinne, unampa nchi nzima, peke yake, bila mshirika wa kumshika mkono. Si nadharia. Asilimia 33.7 imetoa viti 411. Mei 2025 Reform walichukua uongozi wa halmashauri 10 za England kwa sheria hizihizi. Kwenye uwiano, mwenye 30 anapata 30, kisha inabidi akae na wenzake wajadiliane, na wenzake wanaweza kukataa. Mimi ningependa wakae wabunge 93 mbele yetu wakihojiwa na kujibu, kuliko watu milioni nne waambiwe kura zao ni makaratasi, halafu siku moja mizani ipinduke kwa mkupuo.

Kuhusu 2011, kilichopigiwa kura haukuwa uwiano. Ulikuwa mfumo wa kupanga wagombea kwa namba 1, 2, 3 ndani ya jimbo lilelile lenye mbunge mmoja. Na waliojitokeza walikuwa asilimia 42 tu. Swali la uwiano kwa Bunge la Westminster, wananchi hawajawahi kuulizwa.

ShangaziGlasgow:

Jamani, mnazungumza kana kwamba uwiano ni jambo la ng'ambo. Njooni Scotland. Tangu 1999 tunapewa karatasi mbili: moja ya mbunge wa jimbo, nyingine ya chama kwa mkoa mzima. Wabunge 73 ni wa majimbo, 56 wanatoka kwenye orodha za mkoa ili kufidia walioonewa na majimbo. Kwenye halmashauri tunapanga kwa namba tangu 2007, na kata yangu ina madiwani watatu wa vyama vitatu. Lilipopasuka bomba mtaani kwetu niliwaandikia wote watatu. Wawili walijibu, mmoja akaja na viatu vya mvua. Yule asiyejibu nilimpigia kura mimi, na uchaguzi uliofuata nilimweka namba nne.

Sisemi ni peponi. Majina ya kwenye orodha yanapangwa na chama, na hilo linatukera. Watu wa huku nao wanailalamikia serikali yao, tena kwa nguvu. Lakini sijasikia jirani yangu akisema "jimbo hili lina mwenyewe". Northern Ireland wanapanga kwa namba kuchagua baraza lao, na Wales nao wamejiwekea mfumo wa orodha, wabunge sita kila jimbo, kuanzia uchaguzi wa Mei 2026. Mtindo wa zamani bado unatumika kwenye halmashauri za England, na kwenye Bunge kuu la London.

Mwanangu BintiPwani, jiandikishe. Halmashauri nayo ni kura. Huko mshindi anaweza kupatikana kwa tofauti ya kura thelathini, arobaini, na ndiko kunakoamuliwa saa ngapi za huduma atapewa huyo bibi yako.

Mwanamidlands:

Shangazi, hilo la saa za huduma sikuwa nimelifikiria. Bado sina imani nao. Ila nimesoma yote.

BintiPwani:

Asanteni sana, wakuu. Shangazi umenigusa pale pa saa za huduma, maana mwaka jana bibi alipunguziwa kutoka dakika 45 hadi 30 asubuhi, na dakika 30 ni kumwogesha na kumvika, chai anakunywa peke yake nikishaondoka.

Nimejiandikisha jana usiku kwenye simu. Hata dakika kumi hazikufika, waliniomba namba ya bima ya taifa na anwani. Leo asubuhi nimemwambia bibi. Kwanza hakusema kitu. Nilipokuwa namfunga vifungo vya sweta akaniuliza, "Na wewe utawapa nani?" Nikamwambia bado sijui. Akasema, "Vizuri. Usiwaambie."

Swali dogo kabla sijaondoka: pasi yangu ya Kenya inaisha Machi, na miadi ya kuihuisha ni foleni ndefu. Kituoni wataikubali?

KaraniWaUsiku:

Wataikubali. Pasi ya nchi ya Jumuiya ya Madola inatosha, hata ikiwa imeisha muda, mradi sura ya kwenye picha bado inafanana na yako. Vituo vinafunguliwa saa moja asubuhi, na kama bado unaanza kwa bibi saa mbili, unaweza kupita kwanza.