MJADALA: Maswali ya maarifa ya jumla na ya kufikiri kwenye usaili wa Serikali, shida ni maswali au ni mada kufichwa?

Wakuu habari za mihangaiko.

Kila likitoka tangazo la kuitwa kwenye usaili ugomvi ni uleule. Kuna wanaosema maswali ya maarifa ya jumla na yale ya kufikiri ni uonevu mtupu, mtu kasotea uhasibu chuo miaka mitatu halafu anakatwa eti hakujua mkoa wa Songwe ulianzishwa lini au kashindwa kumalizia 3, 7, 15, 31. Na kuna wanaojibu kwamba mtumishi wa umma asiyeijua nchi yake na asiyeweza kufikiri hatufai, akaendeshe bodaboda (kana kwamba bodaboda inaendeshwa bila kufikiri, haya). Mimi nasema maswali yabaki, tena ya kufikiri yaongezwe, ila mada zake zitajwe kwenye tangazo lenyewe na karatasi zilizokwishatumika ziachiwe watu wazione. Nipingeni kwa hoja.

Kwanza tukubaliane kwamba mchujo haukwepeki. Machi 2025 Mamlaka ya Mapato (TRA) walikuwa na nafasi 1,596, walioomba ni 135,027 na walioitwa kwenye mtihani wa kuandika ni 112,952, yaani kiti kimoja kinagombewa na watu kama sabini. Na hii siyo ya jana, wakongwe mnaikumbuka Juni 2014 pale Uwanja wa Taifa, watu zaidi ya elfu kumi kwa nafasi 70 za Uhamiaji. Huwezi kumkalisha kila mmoja mbele ya jopo ukamuuliza "tuambie wewe ni nani", utamaliza mwaka hujafika herufi M. Kwa hiyo anayetaka mtihani ufutwe kabisa atuambie watu laki moja atawapunguzaje, kwa GPA? Kwa nani kawahi kutuma maombi? Kwa bahati nasibu?

Sasa lichukueni tangazo lolote la Sekretarieti ya Ajira la kuitwa kwenye usaili mlisome taratibu. Utaambiwa uje na kitambulisho, vyeti halisi kuanzia cha kuzaliwa na cha kidato cha nne kwenda mbele, kwamba testimonial na result slip havitakubaliwa, kwamba majina yakipishana uje na deed poll (hati ya kisheria ya kubadili jina), kwamba usafiri, chakula na malazi ni juu yako. Tarehe ipo, muda upo, mahali pa usaili papo. Unaulizwa nini? Hakuna. Mtu katoka Tunduru kakopa nauli na pa kulala halafu anaingia ukumbini hajui kama atakutana na sheria ya ununuzi, au miaka ya uhuru wa nchi za Afrika, au mafumbo ya namba, au vyote.

Linganisha na Baraza la Mitihani, NECTA. Mtoto wa kidato cha nne ana fomati ya mtihani wa kila somo, anajua karatasi ina sehemu ngapi, maswali mangapi, mada zipi, na matokeo yakishatoka NECTA wanachapisha taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa swali kwa swali, wanaeleza hadi wengi walipoteleza wapi. Huyo mtoto akikua akapata digrii, siku anaomba kazi kwa Serikali ileile anaambiwa ajiandae vizuri. Ajiandae na nini?

Pengo hilo ndilo limezaa biashara. Ingia magrupu ya Telegram na WhatsApp wiki moja kabla ya usaili uone, "maswali na majibu ya mchujo, kada zote, tuma buku tano kwa namba hii". Unatumiwa pidiefu ya kurasa mia mbili imeskaniwa upande, unakimbilia steshenari kuprinti, na ukiisoma kwa makini ni tango pori tupu. Nimepitia madesa ya namna hiyo mengi maana wadogo zangu wa mtaani wananiletea niwasaidie, na kinachoniudhi zaidi ya bei ni uchakavu. Desa linakwambia Tanzania ina mikoa 30 wakati ni 31 tangu 2016. Linakwambia Jumuiya ya Afrika Mashariki ina nchi 6, wakati Kongo ya Kinshasa iliingia 2022 na Somalia 2024 na sasa ni 8. Tume ya uchaguzi inaandikwa NEC wakati tangu 2024 ni Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Dira ya Taifa linakukaririsha ya 2025, na Dira 2050 ilizinduliwa Dodoma Julai 2025. Lile lililonimaliza ni ukurasa mzima wa OPRAS, ule mfumo wa zamani wa kupima utendaji wa mtumishi, fomu zake, hatua zake, nani anasaini wapi, wakati utumishi wa umma ulishahamia mfumo mpya wa kielektroniki, PEPMIS, tangu mwaka wa fedha 2023/24! Yaani kijana analipa hela ili akajibu kama mtumishi wa enzi ya Kikwete.

Na hapa nawageukia watetezi wa maarifa ya jumla kama yalivyo. Mnaposema mtumishi lazima aijue nchi yake niko nanyi, lakini kuijua nchi ni nini? Tarehe ya Songwe kuwa mkoa ukiisahau unaifungua kwenye simu sekunde tano. Kitu ambacho hutakuwa na muda wa kukifungua ni pale mwananchi yuko dirishani kwako ana shida na bosi wako anakunong'oneza ufanye tofauti na utaratibu. Zipo Kanuni za Maadili ya Utendaji katika Utumishi wa Umma, misingi minane, kutoa huduma bora, utii kwa Serikali, bidii ya kazi, kutopendelea, uadilifu, kuwajibika kwa umma, kuheshimu sheria, matumizi sahihi ya taarifa za Serikali. Swali zuri siyo "taja minane". Mpe mtu mkasa, mkuu wake wa idara kamwagiza ampelekee orodha ya wazabuni kabla zabuni hazijafunguliwa, afanye nini, msingi upi unagongana na upi. Hapo utii na matumizi ya taarifa vinavutana na aliyekariri orodha atakwama, aliyeelewa atapita. Hilo ndilo jenero nolej la mtumishi kwa maoni yangu. Bendera ya Komoro ina rangi ngapi tuwaachie wa chemsha bongo.

Maswali ya kufikiri ndiyo nayatetea kwa nguvu zote, maana ndiyo pekee ambayo huhitaji konekshen wala bando kuyajua. Tatizo watu wanayaogopa bure. Chukua hili nililolitunga mwenyewe: maafisa ugavi wote ni watumishi wa umma, baadhi ya watumishi wa umma ni wapangaji, je ni lazima baadhi ya maafisa ugavi wawe wapangaji? Nimewapa vijana wengi na wengi wanajibu ndiyo kwa kujiamini kabisa, kwa sababu wanamjua afisa ugavi wa halmashauri yao na kweli kapanga. Jibu ni hapana, siyo lazima. Chora duara kubwa uliite watumishi, ndani yake chora duara dogo la ugavi, halafu chora duara la wapangaji likate lile kubwa pembeni bila kugusa lile dogo. Hakuna sharti ulilolivunja. Ukishazoea kuchora badala ya kubishana kichwani, maswali ya aina hii yote yanakuwa ya dakika moja. Au hili la mfuko wa simenti wa 20,000, bei imepanda asilimia 10 halafu ikashuka asilimia 10, watu wanaandika 20,000 bila hata kushika kalamu. Imepanda ikawa 22,000, asilimia 10 ya hiyo ni 2,200, kwa hiyo ni 19,800. Na ile 3, 7, 15, 31 hapo juu, kila namba zidisha mbili ongeza moja, inayofuata 63. Aina zenyewe hazizidi vidole vya mikono miwili, mifuatano ya namba, asilimia na uwiano, kazi na siku, nani kakaa karibu na nani, hitimisho linalofuata na lisilofuata, kusoma jedwali. Mtu anayekaa saa moja kila jioni kwa mwezi mmoja akiwa na saa mezani anazimudu, awe kasoma PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) au HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza).

Kwa maarifa ya jumla, mpaka hapo mada zitakapotangazwa (kama zitatangazwa), ushauri wangu ni tupa desa soma chanzo. Katiba ya 1977 sura ya kwanza na ile ya Bunge, hizo kanuni za maadili, Dira 2050, hotuba ya bajeti ya Juni hata kama ni muhtasari, halafu taasisi uliyoiomba, sheria iliyoianzisha, iko chini ya wizara gani, inafanya nini na haifanyi nini. Unashangaa mtu kaomba EWURA, wadhibiti wa huduma za nishati na maji, anaenda kwenye usaili akidhani ndiyo wanaosambaza maji.

NAONGEZEA baada ya kusoma michango yenu.

Kaka uliyesema mada zikitangazwa watu watakariri, wote watapata 90 na mchujo hautachuja kitu. Fomati ya Hisabati kidato cha nne iko wazi miaka yote, karatasi za zamani zinauzwa hadi stendi, na bado wanaofaulu Hisabati miaka ya karibuni ni kama robo tu ya watahiniwa. Kujua utaulizwa nini na kuweza kujibu ni vitu viwili, wewe mwenyewe unajua. Ukitangaza mada unachuja waliojiandaa na wasiojiandaa, ukizificha unachuja waliobahatisha.

Dada wa HKL uliyeandika kwamba hesabu uliziaga kidato cha nne na haya maswali yanawabeba watu wa sayansi, hoja yako ina uzito na siyo hapa tu. India walianzisha karatasi ya aina hiyo kwenye mtihani wao wa utumishi mwaka 2011, ikalalamikiwa kwamba inawabeba mainjinia na waliosoma kwa Kiingereza, 2014 vijana wakaingia barabarani Delhi, na 2015 Serikali ikaamua hiyo karatasi iwe ya kufaulu tu, ukipata asilimia 33 umevuka na alama zake hazikupandishi nafasi. Huo mwafaka hata sisi tungeufikiria, sehemu ya kufikiri iwe na kiwango cha chini cha kuvuka, ushindani wenyewe uwe kwenye taaluma. Ila uone na kingine, wenzetu wale muhtasari wa mada unatoka na tangazo, na karatasi wanaziweka kwenye tovuti yao mtihani ukiisha. Wamegombana juu ya karatasi wanayoiona wote.

Jamaa wa "bila konekshen hata ujue nini ni bure", hii siyo mada ya leo lakini nikujibu kidogo. Karatasi na majibu sahihi vikiwekwa wazi baada ya usaili, aliyekatwa anajisahihisha mwenyewe nyumbani, akikuta kapata 41 ananyamaza anaenda kusoma. Sasa hivi kila aliyekatwa anaamini kaibiwa, na huna cha kumwonyesha.

Aliyeleta hoja ngumu kuliko zote ni huyu aliyesema mchujo siku hizi unafanyika kwenye kompyuta, maswali yanachotwa kwenye benki ya maswali, ukiiachia benki hiyo imekwisha. Sawa, benki ibaki imefungwa. Lakini orodha ya mada siyo benki. Maswali hamsini ya mfano kwa kila kundi la kada siyo benki. Kusema "maswali 40, kati yake 25 ya taaluma, 10 ya kufikiri, 5 ya maadili ya utumishi, dakika 60" (namba za mfano hizi msije mkazisambaza kwenye magrupu) ni aya moja, na kwenye tangazo lile lenye masharti ya vyeti lukuki aya moja haikosi pa kukaa. Tena ingewapunguzia hata wao kazi maana wangepata wasailiwa waliosoma kitu kimoja, siyo huyu na OPRAS yule na PEPMIS.

Kama humu kuna mtumishi wa idara za rasilimali watu aliyewahi kutunga au kusahihisha, atupe sababu ya kitaalamu ya kutotaja mada, naisoma kwa heshima zote. Ila wale wa "mbona sisi tulipita bila kuambiwa" naomba mkae pembeni kidogo, wengi wenu mliajiriwa wakati watu wanapangiwa vituo moja kwa moja kutoka chuoni.