Nimemaliza S6 (kidato cha sita) na HEG (Historia, Uchumi, Jiografia): Sayansi ya Jamii Makerere ina kazi mbele?

Enyau_Arua
Habari zenu wakubwa. Nimepata pointi 15 kwa HEG na moyo wangu uko kwenye Sayansi ya Jamii, Makerere. Mzee anataka nikasomee ufundi umeme. Anasema masomo ya sanaa kama haya yangu hayana thamani tena hapa Uganda. Ada atalipa yeye, siwezi kumpuuza. Mnanishauri nini?

Mwalimu_Historia
Mzee ana sababu. Tangu 2022 mwalimu wa sayansi mwenye digrii katika sekondari ya serikali ameahidiwa shilingi milioni 4 kwa mwezi. Sisi walimu wa sanaa tuligoma Juni mwaka huo, tukarudi darasani bila nyongeza. Kama unawaza ualimu, fikiri mara mbili.

Dada_Isingiro
Mdogo wangu, mimi nilisoma hiyo hiyo, upande wa sosholojia. Sasa ni afisa maendeleo ya jamii kwenye kaunti ndogo. Kazi zipo, ila soma matangazo ya wilaya kabla hujajaza fomu. Yanataja shahada kwa majina: Sayansi ya Jamii, Ustawi wa Jamii, Masomo ya Maendeleo. Kozi isiyotajwa, hata iwe na jina tamu, itakuacha nje.

Kazi yenyewe ni watu. Vikundi vya PDM (mpango wa serikali wa kukopesha kaya), ugomvi wa nani apewe ile shilingi milioni moja, watoto waliotelekezwa. Kama hupendi kusikiliza watu, achana nayo.

Kilichonifungulia njia ni Kiswahili. Kambi ya wakimbizi ya Nakivale, hapa Isingiro, ina Wakongo wengi, na watafiti hutafuta mtu wa kuhoji kwa Kiswahili kisha aandike ripoti kwa Kiingereza. Nilianza likizo za chuo, dodoso mkononi, tukihojiana chini ya turubai mpaka jua linazama. Napenda kazi ile hadi leo! Wewe wa Arua una Kilugbara pia, na kambi ziko jirani na kwenu. Halafu shika takwimu kwelikweli. Wenzangu wengi walizisahau baada ya mtihani, wakabaki wahojaji wa siku chache huku mikataba ya uchambuzi ikienda kwa wengine.

Enyau_Arua
Asante sana dada. Na mkopo wa serikali je?

Dada_Isingiro
Usiutegemee, umelenga zaidi kozi za sayansi. Kaa na mzee mpige hesabu ya miaka yote 3: ada, chumba Kikoni karibu na chuo, chakula. Pesa ikiishia mwaka wa pili, hapo yeye yuko sahihi: anza na umeme, ufanye kazi, kisha uombe chuo ukiwa na chako mfukoni.