Frateri na ustadhi wafundishwe bajeti na sera au hayo tuwaachie wanasiasa?

frateri_wa_bara:
Wakuu habari za jioni. Mimi ni frateri, falsafa nimemaliza, sasa hivi niko mwaka wa kichungaji parokia ya kijijini kabla ya kurudi kusoma theolojia. Swali langu, hivi sisi tunaoandaliwa kuwa mapadre, wachungaji na mashehe tunaandaliwa vipi kwa mambo ya nchi? Mafundisho jamii tunasoma, Rerum Novarum, ule waraka wa Papa wa 1891 kuhusu haki za wafanyakazi, naweza kuielezea hata usingizini, ila ukinipa kitabu cha bajeti ya halmashauri sijui naanzia ukurasa gani. Mnakumbuka Agosti 2023 waraka wa TEC (baraza la maaskofu Katoliki Tanzania) kuhusu mkataba wa bandari na DP World, kampuni ya Dubai, uliposomwa makanisani, huku mtaani watu wakamfuata katekista kumuuliza sasa huo mkataba wenyewe unasemaje, akawajibu nyie sikilizeni maaskofu tu. Mi naona hapo kuna pengo. Au ndo nachanganya dini na siasa?

Mzee_wa_Kipalapala:
Frateri, kwanza tenganisha vitu viwili. Siasa ya vyama umekatazwa na sheria ya Kanisa yenyewe, kanuni ya 285 inakukataza vyeo vya serikali na ya 287 uongozi wa vyama. Sera haijakatazwa popote. Mwalimu Nyerere Oktoba 1970 alienda kuwaambia masista wa Maryknoll kule New York kwamba Kanisa lisiposimama na maskini kupinga mifumo inayowakandamiza litakosa maana kwao, na yule alikuwa rais, sio mpinzani. Halafu sisi tuna hospitali na mashule, toka mwaka 1992 kuna makubaliano ya makanisa na serikali kuhusu hizo huduma, CSSC (tume ya Kikristo ya huduma za jamii) ndo inasimamia. Sasa padre ambaye kesho atakabidhiwa hospitali teule ya wilaya (ya kanisa lakini inatumika kama ya wilaya) atakaaje mezani na mkurugenzi wa halmashauri kama hajui ruzuku inapitia wapi? Anaishia kulalamika kwenye mahubiri.

ustadh_pwani:
Asalaam alaykum. Hayo makubaliano ya 1992 unayoyasifia mzee wangu ndo malalamiko yetu ya miaka yote, ila tuyaache maana uzi utaharibika 😂. Upande wetu hali ni ngumu zaidi, kijana anahifadhi Quran, anasoma fiqhi na nahau, anatoka anapewa mimbari ya Ijumaa, lakini jinsi muswada unavyokwenda bungeni hakuna aliyemwambia. Suala la mahakama ya kadhi bara tulilipigania kwa hotuba miaka na miaka, mwaka 2015 muswada ukafika bungeni ukaondolewa, na ukiuliza nani alipeleka maoni ya maandishi kwenye kamati, kifungu kwa kifungu, wanahesabika. Kupaza sauti tunajua, kuandika ndo shida.

Nairobi_mtu:
Huku Kenya katiba ya 2010 inataka wananchi washirikishwe kwa kutunga sheria, kwa hivyo pastor yeyote anaweza tuma memoranda bungeni. Shida yetu ni pesa. Mwanasiasa anakuja ibada na bahasha, anapewa maiki, next week ukimkosoa unaonekana huna shukrani. Novemba 2024 Askofu Mkuu Anyolo alirudisha hela Rais Ruto alizotoa kanisa Katoliki la Soweto, hiyo ilikuwa poa sana. Lakini nani anafundisha kijana wa bible school kusema hapana mbele ya waumini na bado paa halijaisha? Hiyo ndiyo somo ningeanza nayo kabla ya hiyo bajeti yenu.

mtendaji_kijijini:
Mi ni VEO, yaani mtendaji wa kijiji, naomba niseme la huku chini maana mnaongelea bunge tu. Sheria ya serikali za mitaa namba 7 ya 1982 inataka mkutano mkuu wa kijiji kila miezi mitatu, anaingia kila mkazi wa miaka 18 na kuendelea, padre na shehe wamo. Mimi tangazo nalipeleka kanisani na msikitini, linasomwa vizuri kabisa, halafu aliyelisoma mwenyewe haji! Ukifika muda wa mapato na matumizi mwenyekiti anasoma haraka haraka watu wanapiga makofi tunaenda kwenye mengineyo. Angekuwepo hata mmoja wa kuuliza hela ya tofali za zahanati imefikia wapi mambo yangebadilika. Hata mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri (wanawake 4, vijana 4, wenye ulemavu 2), ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024, vikundi vya jumuiya zenu havijui kujaza fomu. Frateri uko kijijini mwaka mzima, hiyo ndo shule yako.

frateri_wa_bara:
Asante sana mkuu, hapo umenigusa maana tangazo la juzi nimelisoma mimi hapa hapa. Sasa nikija nikauliza swali la mapato si wataniita mpinzani?

mtendaji_kijijini:
Watakuita tu siku ya kwanza. Kaa na watu katikati, usikubali kiti cha meza kuu, na taarifa omba nakala ofisini kabla ya mkutano ukaisome. Ukinyimwa ulizia pale pale mbele ya wote kwa nini.

ustadh_pwani:
Na umpitie imamu wa hapo muende wote wawili, mpinzani atakuwa nani sasa 😂