Kuogelea na nguva wa Crystal River: kanuni zinatosha, au ipigwe marufuku?

Kasia (mleta mada):
Wadau, likizo ya Desemba inabisha hodi, na kwa familia zilizoko Marekani kuna swali linalogawa watu: tuwapeleke watoto Florida wakaogelee na nguva, au tuwaache wanyama wa watu wapumzike?

Kwa wasioijua habari yenyewe: Crystal River ni mji mdogo wa kaunti ya Citrus, magharibi mwa Florida. Ghuba yake, Kings Bay, ina chemchemi zaidi ya 70, na maji yanayotoka ardhini huwa kama nyuzi 22 za Selsiasi mwaka mzima. Maji ya Ghuba ya Mexico yakishuka chini ya nyuzi 20, nguva wanaingia humo kwa mamia kuota joto. Msimu rasmi ni 15 Novemba hadi 31 Machi, na sheria inamruhusu mtu wa kawaida kuingia majini walipo, kwa masharti. Ng'ambo ya pili ya jimbo, kwenye hifadhi ya Blue Spring, msimu huohuo hairuhusiwi hata kuchovya mguu. Watu wanatazama kutoka kwenye njia ya mbao.

Nani yuko sahihi? Leteni hoja, "wanapendeza sana" haihesabiki.

MwanaMaji:
Kanuni zinatosha zikifuatwa. Wengi wanapinga bila kujua safari yenyewe ilivyo, kwa hiyo nianzie hapo.

Boti zinaondoka saa 12 au saa 1 asubuhi, kwa sababu mchana nguva wengi hutoka kwenda kula. Kabla ya kupanda, kundi linaonyeshwa video ya adabu ya majini iliyotolewa na idara ya samaki na wanyamapori ya serikali ya Marekani. Kila mtu anavaa suti ya mpira ya milimita 3 hadi 5. Suti hiyo inazuia baridi na pia inakufanya uelee, ndiyo maana hakuna mkanda wa vipande vya madini ya risasi wa kukuvuta chini, wala sababu ya kuzama. Halafu unapewa boya refu la sponji: linapita kifuani chini ya makwapa, uso ndani ya maji, miguu imenyooka nyuma karibu na uso wa maji. Hupigi mateke. Ukitaka kusogea unajivuta taratibu kwa viganja, kama mtu anayetafuta funguo gizani.

Mapezi ya miguuni waachieni wapiga mbizi. Chini ya Kings Bay pana tope laini kama unga. Teke moja na wingu linapanda, humwoni tena aliye chini yako. Na aliye chini yako anaweza kuwa na urefu wa mita 3 na uzito wa kilo 450, tena amelala. Akiwa macho huibuka kuvuta pumzi kila dakika 3 hadi 5. Akiwa usingizini anaweza kukaa mpaka 20. Akipanda unampisha. Hakushambulii, anafuata hewa.

Tatizo linaanzia kwenye miwani ya majini, ile inayofunika macho na pua. Nywele zikibanwa chini ya mpira wake, au mtoto akipewa ya mkubwa, maji yanaingia. Mtoto anashtuka, anajisimamisha wima na kutafuta chini kwa miguu. Hapo ndipo ndama anapokanyagwa. Kwa hiyo miwani ijaribiwe mkononi mwa mzazi, hotelini, siku moja kabla: ibandike usoni bila mkanda, mtoto avute hewa kwa pua, ikishika yenyewe inafaa, ikidondoka tafuta nyingine.

TabibuWaMifugo:
Mkuu MwanaMaji, umeeleza vizuri upande wa mtu. Sasa twende upande wa mnyama.

Unene wake unawadanganya watu. Nyangumi ana tabaka nene la mafuta chini ya ngozi, nguva hana hilo. Lile tumbo ni utumbo: anachachusha majani sehemu ya nyuma, kama farasi, na moto wa mwili wake ni mdogo mno kwa ukubwa wake. Kwa siku anakula asilimia 4 hadi 9 ya uzito wake, maana yake kilo 18 hadi 40 za majani mabichi kwa yule wa kilo 450. Akikaa siku kadhaa kwenye maji ya chini ya nyuzi 20 anaanza kuugua: madoa meupe puani, mkiani na kwenye vikono, ngozi inababuka, choo kinagoma, kinga ya mwili inashuka. Ndama walioachishwa ziwa karibuni ndio wa kwanza kwenda. Baridi ya mwaka 2010 iliua mamia Florida.

Sasa weka watu hapo. Nguva aliyeamshwa mara nne kabla ya saa 4 asubuhi ataondoka kwenye maji ya nyuzi 22 na kuhamia kwenye maji ya nyuzi 17 palipo kimya. Hafi siku hiyo. Hakuna mtalii atakayeona lolote baya, picha zitatoka safi, mwongozaji atapewa bakshishi. Mnyama ametumia akiba yake ya majani ya wiki nzima kujipasha moto, na baridi inayofuata itamkuta mwembamba.

Na biashara yenyewe imekaa kinyume. Asubuhi yenye baridi kali ndiyo nguva wanajazana chemchemini, kwa hiyo ndiyo inayouzika kuliko zote. Yaani siku anayohitaji utulivu kuliko siku nyingine ndiyo siku ya wateja wengi. Nijibuni hilo.

PimbiMjini:
Kabla hamjaendelea: jina moja linachanganya wanyama wawili hapa. Nguva wa pwani yetu, wa Lamu, Rufiji na Mafia, mkia wake umegawanyika kama wa pomboo na anaishi maji ya chumvi tu. Huyu wa Florida mkia wake ni bapa na mviringo, kama mwiko wa pilau, na huingia mitoni. Wote ni jamaa wa tembo, na wa pimbi pia (nina maslahi binafsi katika suala hili). Wa kwetu wamebaki wachache mno, wapo kwenye daraja la walio hatarini kabisa kutoweka. Asije mtu akauliza ziara yao inakatiwa tiketi wapi.

MwanaMaji:
Tabibu, hoja ya baridi naipokea, lakini sheria imeiona kabla yako. Ndani ya Kings Bay kuna maeneo yaliyozungushiwa kamba na maboya msimu mzima, na binadamu haingii, si kwa kuogelea wala kwa kayaki. Mnyama akichoka na watu anavuka kamba, basi. Chemchemi ya Three Sisters hufungwa kwa waogeleaji baridi ikizidi au nguva wakijaa. Nje ya kamba hairuhusiwi kumfukuza, kumpanda, kumzunguka, kumtenga mama na ndama, kumlisha wala kumnywesha maji kwa bomba la mpira, na kumpigia mbizi kutoka juu akiwa amelala ni kosa. Kwa sheria ya serikali kuu faini inafika dola 50,000 au kifungo cha mwaka mmoja, au vyote viwili.

Pia tazameni kinachowaua kweli. Mwaka 2021 Florida ilipoteza nguva zaidi ya 1,100. Wengi walikufa njaa upande wa mashariki, Indian River Lagoon, ambako mbolea na maji taka vilirutubisha mwani, mwani ukafunika jua, nyasi za majini zikafa. Serikali ikafikia hatua ya kuwarushia saladi. Anayefuata ni boti: rafadha inachana mgongo, na nguva wengi wana makovu yanayotambulika mmoja mmoja, wataalamu wanawatofautisha kwa hayo. Aliyeshika sponji hayumo kwenye orodha hiyo.

Na aliyewahi kumwona akiinua pua mbele yake ndiye huyo anayechangia pesa. Ardhi ya Three Sisters ilinunuliwa mwaka 2010 isije ikajengwa nyumba. Mwani mchafu umefyonzwa kwa pampu chini ya ghuba na majani ya kula yakapandwa upya, miche ikifunikwa vizimba vya waya isiliwe kabla haijashika mizizi. Hayo yasingegharamiwa kwa mnyama asiyeuingizia mji kitu.

MzeeWaNgalawa:
Kamba ni kamba, kijana wangu. Kizimkazi, kule Zanzibar, nako kuna miongozo ya pomboo, na bado boti zinawakatiza njia na kumwaga watalii mbele yao. Pomboo angalau anakimbia, unaona umemkera. Huyu wa Florida anafungua jicho, anazama kidogo, anakaa. Watu wanasema "hana shida." Hana haraka, hilo ndilo tunalojua.

Blue Spring walifunga maji msimu wa baridi. Miaka ya 1970 walikuwa wakihesabu makumi tu. Sasa siku ya baridi wanavuka 500. Ushahidi gani mwingine unatakiwa?

MwanaMaji:
Shikamoo mzee. Ushahidi huo una tundu: Kings Bay wanakoogelea watu nako wameongezeka kipindi hichohicho, kutoka mia moja na kitu hadi mamia kadhaa. Kilichoinua idadi pande zote mbili ni maboti kupunguzwa kasi na chemchemi kulindwa.

TabibuWaMifugo:
Hapo yuko sahihi, mzee. Idadi peke yake haitatui ubishi huu. Nisingetumia Blue Spring kama ushahidi wa madhara. Ningeitumia kuonyesha kwamba watu watakuja hata wasipoingia majini, na hapo hoja ya pesa ya MwanaMaji inapungua uzito.

MamaMapacha:
Wataalamu, mimi nina maswali ya jikoni. Watoto wa miaka 5 na 9. Wataweza? Na tukiamua kwenda, tufanyeje tusiwe miongoni mwa wasumbufu?

MwanaMaji:
Dada, wa miaka 9 anaweza akitimiza mambo mawili: aelee kifudifudi dakika 5 kwenye bwawa huku akipumua kwa mrija bila kuinua kichwa, na akiambiwa "ganda" agande. Mfanyieni mtihani huo mwezi mmoja kabla. Wa miaka 5 asiingie. Hata akiwa shujaa, mwili mdogo unapoa haraka kwenye maji ya nyuzi 22. Baada ya dakika 20 midomo ina rangi ya zambarau, meno yanagongana, na mtoto anayetetemeka hawezi kutulia juu ya boya. Akitoka avuliwe suti mara moja, asikae nayo kwenye upepo wa boti. Kofia ya sufi, taulo mbili kwa kila kichwa, chai kwenye chupa.

Mambo ya kuuliza kabla ya kulipa: mwongozaji anaingia majini pamoja nanyi, au anabaki kwenye usukani? Wateja wangapi kwa mwongozaji mmoja? Sita ni kiasi, kumi na mbili ni soko. Mapezi wanagawa? Wakigawa, hameni. Na kugusa: wakikuambia "ukibahatika utamshika," nao hameni. Mwili wake wote una vinyweleo vya kuhisi mtikisiko wa maji, anakujua ulipo kabla hujanyoosha mkono.

TabibuWaMifugo:
Naongeza swali moja ambalo ndilo langu: je, wanaahirisha baridi ikizidi, na wanarudisha pesa? Kampuni inayojibu "siku ya baridi ndiyo nzuri" imenijibu hoja yangu ya mwanzo.

Kwa ratiba, dada, tafuteni wiki ya mwishoni mwa Februari au Machi yenye usiku mpole. Nguva watakuwa wachache, wametawanyika, wengine wanakula, na anayekuja kukuchungulia amekuja kwa hiari yake. Usiku wa kuamkia safari ukishuka chini ya nyuzi 5, acheni boti. Nendeni njia ya mbao ya Three Sisters: maji ni kioo, mnawaona kutoka juu wamepangana kama magunia ghalani, na wa miaka 5 anaona sawa na wa miaka 9. Au Homosassa, mwendo mfupi kusini, kwenye hifadhi ya jimbo yenye chumba cha vioo chini ya maji. Huko hata sharubu zake zinahesabika.

MzeeWaNgalawa:
Marahaba MwanaMaji. Mimi msimamo wangu haujabadilika, ifungwe Desemba hadi Februari. Lakini huyo mama wa mapacha mmemjibu vizuri.

MamaMapacha:
Ahsanteni. Si mapacha, mzee, ni jina tu. Machi basi, na wa miaka 5 atakaa mbaoni na baba yake.